Tandiko na Utando: Juu ya Maneno Mawili ya Kiingereza na Neno Letu Tabaka

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kufasiri makala fupi ya mgeni mmoja aliyekuja kisiwani kutazama nyumba kongwe za mawe. Haikuwa kazi nzito. Mgeni yule aliandika kwa upole, alizipenda nyumba alizoziona, na Kiingereza chake kilikuwa cha mtu asiyetaka kumsumbua msomaji. Ila palikuwa na sentensi moja iliyonikwamisha kwa muda usiozidi dakika tano, na dakika tano hizo ndizo zilizozaa makala haya. Alisema kwamba kuta zetu zina "layers" za chokaa, na kwamba mji wetu una "strata" za watu na za nyakati. Nilifungua kamusi. Kwa neno la kwanza ikanipa tabaka. Kwa neno la pili ikanipa tabaka. Nikashukuru kwamba lugha yangu imenipunguzia kazi, nikaandika: ukuta una matabaka ya chokaa, na mji una matabaka ya watu na ya nyakati.

Jioni moja nikayasoma maandishi yale barazani, mbele ya watu ambao sikosi kuwasomea kazi zangu kabla hazijakwenda kwa mpiga chapa. Miongoni mwao alikuwamo mwashi mzee aliyeshika mwiko tangu utotoni. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliweka chini kikombe cha kahawa akasema: "Maalim, hayo matabaka ya ukutani nayajua, mengine nimeyapaka mwenyewe. Haya ya mji nani kayapaka?" Watu wakacheka. Mwengine akadakia: "Na huyo mgeni keshatutia katika matabaka! Sisi hapa barazani tu wa tabaka la ngapi?" Wakacheka zaidi. Nami nikacheka nao, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ya fundi aliyeonyeshwa ufa katika kazi aliyokwisha kulipwa.

Maana mzee yule, ambaye hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, alikuwa amelitaja jambo lenyewe linaloyatenga maneno yale mawili: suala la mwenye mkono. Nami niliyejifunza Kiingereza peke yangu, kwa kamusi na kwa vitabu vilivyochanika majalada, nilikuwa nimelipita bila ya kuliona.

Tuanze na "layer", kwa kuwa ndilo la nyumbani kwa Waingereza wenyewe. Limetokana na kitendo chenye maana ya kulaza. Na kama ilivyo kwetu, ambapo kulaza ni mtoto wa kulala, kwao pia kitendo hicho ni mtoto wa kitendo cha kulala: mmoja anafanya mwenyewe, wa pili anafanyiza. Kisha likapachikwa kiishio kile ambacho Kiingereza hukitumia kumtaja mtendaji, kama sisi tunavyotumia m- mwanzoni na -ji mwishoni. Basi katika Kiingereza cha karne ya 14 neno hili lilikuwa likimtaja mlazaji, na hasa mlazaji wa mawe, yaani mwashi. Maana ya kitu kilicholazwa juu ya kitu chengine ilikuja kudhihiri baadaye, mwanzoni mwa karne ya 17. Hata leo Mwingereza humwita kuku wa mayai kwa neno hilo hilo, kwani kutaga kwake ni kulaza yai. Neno, basi, lilianza kwa mtu likaishia kwa kazi yake. Na harufu ya mtu haijalitoka.

Ama "stratum", hilo ni mgeni aliyeingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, na alikuja na joho la kiwanazuoni. Ni Kilatini. Limetokana na kitendo cha kutandika, na umbo lake ni umbo la kutendwa: kilichotandikwa. Kwa Warumi wa kale neno hili liliweza kuwa shuka la kitandani, liliweza kuwa nguo ya kumtandikia farasi mgongoni, na liliweza kuwa sakafu ya mawe. Hapa msomaji wa mwambao aniruhusu nisite kidogo, maana tunalo neno lililokaa sawasawa mahali hapo: tandiko. Tandiko letu ni la kitanda na ni la punda. Lau Mrumi wa kale angalishuka bandarini Malindi na kuuliza jina la kitu kilicho mgongoni mwa punda wa Funguni, jibu tungelimpa kwa neno lililobeba fikra ile ile aliyoizoea.

Ujamaa wetu na neno hilo hauishii hapo. Njia iliyosakafiwa kwa mawe Warumi waliiita njia iliyotandikwa, na sehemu ya pili ya jina hilo ilisafiri. Kaskazini ikawa jina la Kiingereza la barabara ya mjini. Mashariki ikapita kwa Wayunani na kwa watu wa Sham hata ikawafikia Waarabu, ikawa "sirati". Wanazuoni wa Kiislamu wa zamani hawakulificha jambo hili. Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliwataja waliolihesabu neno hilo kuwa asili yake ni lugha ya Rumi, na Arthur Jeffery akalieleza kwa urefu katika kitabu chake cha 1938. Nasi tunalitamka kila siku, na watoto wetu hulihifadhi kabla hawajajua kuandika majina yao. Kwa hiyo nilipokuwa nikitafuta katika kamusi maana ya "stratum" nilikuwa nikimtafuta jamaa ambaye alikuwa ameketi ndani ya nyumba yangu siku zote.

Tofauti ya maumbo haya mawili ndiyo iliyo muhimu kwa mfasiri. Neno la kwanza lina umbo la mtenda. Neno la pili lina umbo la mtendwa, na aliyetenda hayumo. Ameondoka, au hakuwahi kuwapo. Ukisikia la kwanza unaweza kuuliza, kama alivyouliza mwashi wetu, nani kaweka. Ukisikia la pili unauliza suali jengine: lini, na chini ya nini.

Matumizi yao yanakubaliana na asili zao, ingawa si kila mahali. "Layer" ni ya rangi, ya siagi juu ya mkate, ya nguo anazovaa mtu wa nchi ya baridi, ya keki ya harusi. Inaweza kuwa moja tu na ikatosha. Inaongezwa na inabanduliwa. Inatazamwa kwa kulinganishwa na kile inachokifunika. "Stratum" haipendi kukaa peke yake. Ikitajwa moja, wenzake husikika chini yake na juu yake. Haibanduliwi, bali huonekana pale ardhi inapokatwa. Na pahali pake ndipo penye habari zake, maana iliyo chini ni kongwe kuliko iliyo juu. Kanuni hiyo iliandikwa na Nicolas Steno mwaka 1669, na Muingereza William Smith, mpima mifereji aliyekuwa mwana wa mhunzi na aliyejisomesha sehemu kubwa ya elimu yake, aliitumia pamoja na visukuku alivyoviokota hata akachora ramani ya mawe ya nchi yake iliyotoka mwaka 1815. Wenzake walimpa neno lenyewe kuwa lakabu. Mwaka 1819 alifungwa kwa madeni, na mwaka 1831 alikuja kutunukiwa nishani na wale wale wasomi waliokuwa wamemweka mbali. Sisi tuliojisomesha tunayo haki ya kumkumbuka.

Nisije nikasema zaidi ya inavyostahiki. Waingereza nao huita kwa "layer" utando wa vumbi uliokaa juu ya meza, na vumbi halina mlazaji. Huita hivyo hata ile hewa ya ozoni inayotukinga na jua, wala hapana mwashi aliyeipaka. Kwa hiyo mtu asiuchukulie mpaka huu kuwa ni ukuta. Ni kama mpaka wa maji ya mkondo na maji ya ndani: baharia anaujua ulipo, lakini hawezi kuuwekea bendera. Hata hivyo, mwandishi anapoyaleta maneno yote mawili katika sentensi moja, moja kwa ukuta na moja kwa mji, huyo ameukusudia mpaka, na mfasiri aliyeufuta amemdhulumu.

Sasa tulitazame neno letu. Tabaka ni zuri, wala sikusudii kulitukana. Limetokana na Kiarabu, na asili yake ina maana ya kitu kukaa juu ya chengine na kulingana nacho, kama kifuniko na chungu chake. Tumelipokea pamoja na mbingu saba zilizo tabaka juu ya tabaka, na kwa hivyo lina heshima. Lakini Waarabu wenyewe walilitumia pia kwa watu: vizazi vya wapokezi wa hadithi, vizazi vya wanazuoni. Na jambo ambalo wapenzi wa ushairi wangefaa kulijua ni kwamba mojawapo ya vitabu vya kale kabisa vya uhakiki wa mashairi ya Kiarabu limo neno hilo katika jina lake. Ibn Sallam al-Jumahi, aliyefariki katikati ya karne ya 9, aliwapanga washairi wakuu wa zama za kabla ya Uislamu katika matabaka kumi, kila tabaka washairi wanne, kisha akafanya vivyo hivyo kwa wa zama za Uislamu. Basi neno hili lilipata kazi ya kupima watu daraja zama za kale sana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 siasa nayo ikalishika, tukasikia tabaka la wafanyakazi na tabaka la mabwanyenye, katika redio na katika vitabu vya skuli. Leo ukimwambia mtu wa kwetu "matabaka ya watu", hawezi kusikia zama zilizolala juu ya zama. Atasikia nani yuko juu na nani yuko chini. Ndiyo maana jamaa yangu wa barazani aliuliza yeye ni wa tabaka la ngapi. Hakuwa akifanya mzaha tu. Alikuwa akisoma nilichoandika.

Lugha yetu si masikini wa jambo hili, ila sisi wafasiri ni wavivu. Mwashi ana mpako, na lipu, na sakafu. Mpishi ana ukoko, na mwenye kumenya kitunguu ana maganda. Na juu ya yote iko jamaa kubwa ya kitendo cha kutanda. Wingu hutanda, hapana anayelitandaza. Maziwa yakipoa hutanda utando. Buibui ana utando wake. Lakini mtu hutandika kitanda, hutandika jamvi, humtandika punda. Kwa herufi chache tu Kiswahili kimetenga kile kinachoenea chenyewe na kile kinachoenezwa kwa mkono: utando upande huu, tandiko upande ule. Yaani mpaka ambao Waingereza wameuchora kwa neno moja la nyumbani na jengine la kuazima, sisi tunao ndani ya shina moja. Na inachekesha kidogo kwamba mambo yamegeuka: tandiko, ambalo kwa sura ndilo ndugu wa lile neno la Kilatini, kwa maana linasimama karibu zaidi na "layer", kwa kuwa kwetu tandiko halijamsahau mtandikaji.

Mtu ataka kuziona hali mbili hizi kwa macho, atazame kwanza ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe palipobanduka. Ndani ni mawe ya matumbawe yaliyokamatwa kwa chokaa na udongo. Juu yake lipu ya chokaa. Juu ya lipu mipako ya chokaa nyeupe, mmoja kila ulipohitajika, pengine kwa ajili ya harusi, pengine kwa ajili ya Idi. Kila mpako una mkono wake na una sababu yake. Na mpako mbaya una lawama yake. Mafundi wa zamani hawachoki kutukumbusha kwamba saruji ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa huufungia maji ndani, ukuta ukashindwa kupumua na ukaoza kwa siri. Hapo unaweza kumtafuta aliyepaka ukamuuliza.

Kisha aende, kwa kitabu ikiwa si kwa miguu, hadi Shanga katika kisiwa cha Pate. Mark Horton alianza kuchimba huko mwaka 1980, na matokeo akayachapisha mwaka 1996. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe palionekana msikiti mwengine, na chini ya huo mwengine, hata zikafikiwa alama za mashimo ya nguzo za misikiti midogo ya miti, ambayo ya mwanzo yake imekadiriwa kuwa ya karne ya 8. Kila msikiti ulijengwa kwa mikono, hilo hapana shaka. Lakini ule mfuatano wao, ule urefu wa zama uliolala pale, hapana aliyeujenga. Aliyesimamisha nguzo za mwanzo hakujua kwamba anaanza jambo. Aliyejenga juu yake hakukusudia kumfunika. Mji ulihamwa mapema katika karne ya 15, mchanga ukaja ukatanda. Ukimtafuta wa kumuuliza hutampata, na suali lenyewe halina maana.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike, nalo si kamusi.

Wahakiki wetu wamezoea kusema kwamba shairi fulani lina matabaka ya maana. Nami nimesema hivyo mara nyingi. Ni usemi mzuri na una ukweli ndani yake, kwani ushairi wetu umejengwa juu ya fumbo na jibu lake. Lakini msemaji hatuambii ni matabaka ya namna gani: yale yaliyopakwa au yale yaliyotanda. Na kutotuambia huko kumepata kuwaweka watu pabaya.

Katika miaka ya tisini, nilipokuwa kijana wa ishirini na kitu, niliandika shairi la beti saba juu ya safari ya usiku baina ya Pemba na Unguja. Mashua ilikuwa ya mjomba wangu. Tulikuwa tumepakia mbata, na kabla ya kufika nusu ya njia ikaanza kuvuja. Beti ya tatu ilikuwa hivi:

Chombo chetu chapokea maji kwenye zake mbao,
Kalafati yalegea, pamba zimeacha kwao,
Walo ndani wangojea neno la nahodha wao,
Na usiku waenea, na pwani i mbali nao.

Shairi lilisomwa katika mkusanyiko mmoja, likapendwa, likanakiliwa. Wiki mbili baadaye niliitwa katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Aliyenipokea alikuwa mtu mstaarabu. Alinipa kiti, akaitoa karatasi yenye shairi langu, akaniuliza: "Kijana, nahodha ni nani?" Nikamwambia nahodha ni mjomba wangu. Akatabasamu kama anayemsikia mtoto akikana kula halua na mdomo unang'aa samli. Akaniuliza tena mara tatu, na mara tatu nikamtaja mjomba. Niliachiwa jioni, bila ya kuguswa, lakini kwa miaka kumi baada ya hapo sikuandika shairi lenye bahari ndani yake. Kwa mtoto wa kisiwani, hiyo si adhabu ndogo.

Kwa muda mrefu nilijiona mtu aliyeonewa na asiye na la kujibu. Leo naona mambo kwa namna nyengine, na nitayasema ingawa hayanipambi. Yule aliyenihoji alikuwa na nusu ya haki. Maana aliyoiona ilikuwamo. Katika ushairi wa Kiswahili chombo kimekuwa mji, na nahodha amekuwa mtawala, na kuvuja kumekuwa ufisadi wa mambo, tangu kabla ya babu wa babu zetu. Washairi wengi wamepita hapo, na kila mmoja ameacha kitu. Mtu hawezi kulitaja neno nahodha katika mizani kumi na sita bila ya zama zote hizo kusikika chini yake. Kwa hiyo maana ile ilikuwamo katika shairi langu kama vile msikiti wa miti ulivyokuwamo chini ya msikiti wa mawe. Lakini sikuiweka mimi. Ilikuwa utando; na yeye aliniuliza kama kwamba ni tandiko.

Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na ndilo kosa la kila mhakiki anayesema "mshairi amelificha hili chini ya lile" pasi na kuonyesha mkono uliolificha. Lugha ina mashapo yake. Tunaposema meza tunamtamka Mreno, tunaposema bandari tunamtamka Muajemi, na hatukusudii wala Mreno wala Muajemi. Vivyo hivyo kwa mifano na mafumbo yaliyozoeleka. Mhakiki ana ruhusa, tena ana wajibu, wa kuyachimba na kutuonyesha. Ila akishayachimba aseme: haya yamo katika lugha. Asimbebeshe mtu mmoja mzigo wa mashua nzima.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na pengine ni baya zaidi kwa sanaa. Ni kumnyang'anya mshairi kile alichokitandika kwa mkono wake. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya baina ya 1969 na 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, na katika diwani yake Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, limo shairi la majibizano ya watu wawili juu ya mnazi. Mtu akija akasema kwamba maana ya nchi na wenye nchi imejitokeza tu katika shairi hilo, kwamba ni mazoea ya lugha, huyo atakuwa amemkosea mshairi kwa njia nyengine. Pale pana mkono. Majibizano yamepangwa hoja kwa hoja, kila mmoja amepewa madai yake, na mnazi umebebeshwa kila jambo ambalo mnazi wa shambani usingeliweza kulibeba peke yake. Tandiko limetandikwa barabara hata mikunjo yake inaonekana. Anayeliita utando anamvua mtu ushujaa wake.

Vipimo vya kutenganisha haya viko, ingawa si vya chuma. Kwanza, je, fumbo linajengwa beti baada ya beti, au limetajwa mara moja likapita? Pili, je, kuna neno lililokaa kwa tabu katika maana ya nje na likakaa kwa raha katika maana ya ndani? Neno la namna hiyo ni alama ya mwiko. Mwashi ameliacha makusudi. Katika beti yangu hapana neno kama hilo: kalafati ni kalafati, na pamba ni pamba, na kila kitu kimetosheka na maji ya chumvi. Tatu, je, ukiiondoa maana ya ndani shairi linasimama? Langu lilisimama, kwa sababu lilikuwa ni habari ya watu waliokuwa na hofu usiku.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na hapa suala la hakiki na suala la tafsiri hukutana. Jina lenyewe limetoka katika neno la Kiarabu la kufunua, lakini si katika umbo la kufunua. Ni katika umbo la kufunuka. Mshairi hakusema kwamba yeye amefunua. Alisema limefunuka. Anauonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyokuwa yakimeremeta, ambayo sasa ni ya popo na makinda ya ndege, na kile kinachofunuka ni kile ambacho zama zenyewe zilikuwa zimekifunika na zama zenyewe zimekibandua. William Hichens alipolitoa kwa Kiingereza mwaka 1939 alilipa jina la pili lenye maana ya kuamka kwa roho. James de Vere Allen, katika toleo lake la 1977, alilipa jina lenye maana ya mafundisho ya roho kwa suali na jibu. Wote wawili walikuwa watu waliofanya kazi kubwa, na hapana msomaji wa Kiingereza asiyewadai shukurani. Lakini mmoja ametuletea mtu aliyelala na wa pili ametuletea mwalimu na mwanafunzi. Kifuniko kilichoondoka hakimo katika jina la yeyote kati yao. Wametafsiri anachokifanya mshairi, wakaacha kinachotendeka kwa mji. Tandiko wameliona, utando umewapita.

Nasema haya bila ya kiburi, maana mimi nilifanya kinyume chake katika kazi ndogo zaidi, na sikuwa hata na udhuru wa ugeni.

Mtu anaweza kunipinga akasema: lugha hai huishi kwa maneno mapana, na tabaka limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya jiografia na vya sayansi, mfasiri akianza kuwinda neno kwa kila kivuli atamchosha msomaji. Nakubali. Katika kitabu cha darasa la sita mawe yawe na matabaka, na hewa iwe na tabaka la ozoni, na Mungu awabariki walimu. Lakini gazeti la ushairi si kitabu cha darasa la sita. Hapa ndipo mahali ambapo kivuli ndicho kinachouzwa. Na pale ambapo jibu la suali "nani kaweka" linaweza kumpa mtu heshima yake au kumnyima, uvivu wa mfasiri si jambo dogo.

Nilirudi kwenye sentensi ya mgeni wetu nikaiandika upya. Ilichukua siku mbili. Ikawa hivi: ukuta una mipako ya chokaa, mmoja juu ya mwenziwe, na mji umelala zama juu ya zama, na watu wa kila zama wamo ndani yake. Niliisoma barazani. Mwashi mzee alisikiliza, akafikiri, akasema: "Sasa sawa. Wa ukutani tunamjua, na wa mji hatumtafuti." Kisha akaongeza kwamba neno lipu nalo lingefaa litajwe, kwa sababu mpako bila ya lipu haushiki. Alikuwa na haki. Nimeliongeza.